Nani Anafanya Nini Katika Harusi ya Unguja na Pemba: Mwongozo kwa Wenye Shughuli

Harusi nyingi za kwetu haziharibiki kwa sababu mpishi hajui kupika au mpambaji hajui kupamba. Huharibika pale kazi ya mmoja inapogusana na kazi ya mwengine na hakuna aliyeambiwa mpaka wake unaishia wapi: pilau imeiva, masinia bado yamo ghalani kwa mwenye vyombo; bibi harusi amekwishapambwa, na mpiga picha yuko nje ya mlango akisubiri mtu wa kumruhusu aingie. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, ami, khalati au dada mkubwa aliyekabidhiwa shughuli na anayetaka kujua amwite nani, lini, kwa kazi ipi, na kazi hiyo inamalizikia wapi.

Anza kwa wazee, si kwa mafundi

Siku hizi utamkuta mtu ameshalipia ukumbi ilhali jawabu la posa halijatoka. Utaratibu huo umepinduliwa. Wa kwanza ni mshenga, anayepeleka neno la upande wa mwanamume na kurudi na jawabu. Kazi yake haiishii kwenye posa: yeye ndiye anayebeba mazungumzo ya mahari na ya ada nyengine, kama vile kilemba cha baba na mkaja wa mama katika nyumba ambazo bado zinazidai, na ndiye anayerejewa pande mbili zinapotofautiana juu ya nani alipie nini. Mwombeni aziandike ahadi hizo, hata kama ni kwenye karatasi moja tu ya daftari, kwa maana kumbukumbu za wakwe hutofautiana kadiri siku zinavyokaribia.

Baada ya jawabu, jambo la pili ni walii, yaani jamaa wa kiume anayemwozesha binti. Wengi wa visiwani wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo ndoa haifungwi bila ya walii na mashahidi wawili waadilifu. Walii ni baba. Akikosekana ni babu mzaa baba, kisha kaka wa baba mmoja na mama mmoja, kisha kaka wa kwa baba, kisha watoto wao, kisha ami. Mjomba, hata akiwa ndiye aliyemlea binti na kumsomesha, hayumo katika orodha hiyo, na ni vyema alijue hilo mapema kwa upole kuliko kulisikia msikitini mbele ya watu. Ikiwa baba anaishi Maskati au Dubai na hawezi kuja, anaweza kumweka wakili, nao uwakala huo uthibitishwe kwa shekhe kabla ya siku yenyewe. Asiye na walii kabisa huozeshwa na Kadhi.

Shekhe anayefungisha ndoa ana kazi tatu zinazojulikana: kuhakikisha kuwa bibi harusi ameombwa idhini na ameitoa, kusoma hotuba ya ndoa, na kusimamia kauli ya walii ya kuozesha na kauli ya bwana harusi ya kukubali. Usajili ni jambo jengine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayotumika Tanzania Bara haitumiki Zanzibar. Ndoa za Waislamu hapa zinafuata sheria ya Kiislamu na migogoro yake huenda Mahkama ya Kadhi, na usajili wa ndoa umo katika majukumu ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2018. Muulize shekhe swali moja la wazi: je, karatasi za ndoa utazijaza wewe, na cheti tutakifuata wapi? Pia nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yako, ambaye atakuambia barua zipi zinahitajika na kama ngoma ya usiku inahitaji kibali. Wanaoruka hatua hii huja kukumbuka cheti siku wanapokitaka kwa ajili ya pasipoti au visa.

Kuchagua tarehe ndiko kunakoamua utawapata nani

Hakuna anayeoa katika Ramadhani, kwa hiyo Shaabani hujaa watu wanaotaka kuwahi, na Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili, miezi miwili inayofuata Ramadhani, hujaa wale waliochelewa. Katika miezi hiyo mpishi mmoja hodari huitwa na nyumba tatu kwa siku moja, na mwenye maturubai hukodisha hata yale yaliyotoboka. Pemba kuna hesabu nyengine, ya karafuu: mavuno yakiwa mazuri, harusi huongezeka mara tu baada ya fedha kuingia mikononi, nao vijana wa kubeba vyombo na kupasua kuni hawapatikani wakati wa uchumaji wenyewe. Kisha iko masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo harusi ya uwanjani ni kubahatisha. Ukiwa na hiari, mwite mpishi na mwenye ukumbi kwanza, usikie siku walizo nazo, ndipo uende kwa wakwe ukiwa na tarehe mbili au tatu za kuchagua.

Mshika mfuko na mratibu

Kabla ya fundi yeyote kupewa arubuni, familia ichague mshika mfuko mmoja. Si lazima awe mwenye fedha. Awe mtu anayeandika na asiyeona haya kudai risiti. Fedha zote zipite kwake, hata za mchango wa jamaa walioko nje.

Mratibu wa harusi ni mgeni katika shughuli zetu. Zamani kazi yake ilifanywa na mama mmoja wa mtaa aliyekuwa akijua kila kitu na akikaripia kila mtu, na sijaona mratibu wa kulipwa aliyemzidi. Hata hivyo familia zimetawanyika, na mratibu mzuri ana faida. Tatizo ni kwamba wengi wanaojiita waratibu ni wapambaji wa kumbi: watakuletea vitambaa, maua na taa, lakini hawatampigia simu mpishi alfajiri wala hawatajua gari la bibi harusi liko wapi. Wawili hao watenganishe kwa maswali. Mratibu wa kweli atakubali kuandika ratiba ya saa kwa saa, kukutana na mafundi wote kabla ya siku, kuwapo tangu vyombo vya kwanza kushushwa hadi vya mwisho kurejeshwa, na kukueleza nani atashika nafasi yake akiugua. Akikujibu kuwa hayo ni ya familia, basi mlipe kwa mapambo tu. Na mwambie tangu siku ya kwanza kwamba mamlaka yake yanaishia mlangoni kwa somo na mbele ya shekhe. Katika sehemu hizo mbili yeye ni mjumbe, hana amri.

Mpishi na mwenye vyombo

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, kwa sababu mgeni atasahau rangi ya vitambaa lakini hatasahau kwamba alirudi nyumbani na njaa.

Mpishi wa harusi hupika; si lazima anunue, si lazima alete kuni, na aghlabu hapakui. Mambo hayo manne yana watu wanne, nawe ndiye wa kuwataja. Mpishi akupe orodha ya mahitaji siku kumi kabla, ikiwa na vipimo: mchele, nyama, vitunguu, mafuta, bizari nzima, kuni au gesi, barafu. Kwa pilau mimi hukadiria kilo moja ya mchele mkavu kwa watu wanane, kwa hiyo wageni 400 wanahitaji kilo 50, na huongeza kilo tano za wasioalikwa, ambao kwetu hawafukuzwi. Mpishi akikutajia kiasi kilicho mbali sana na hicho, mwombe akueleze hesabu yake, kwani biriani lina hesabu tofauti na baadhi ya mitaa hupakua kwa mkono mzito.

Mwenye vyombo hukodisha masufuria, masinia, makawa, mabirika ya kunawia, majamvi, viti na maturubai. Hesabu ya masinia hutokana na namna mtakavyolisha. Sinia moja likiliwa na watu watano, wageni 400 wakikaa pamoja wanahitaji masinia 80. Wakila kwa mikupuo miwili yanatosha 40, lakini hapo lazima pawe na waoshaji na maji ya kutosha katikati ya mkupuo wa kwanza na wa pili. Waoshaji hao ni wa nani? Mpishi atadhani ni wa mwenye vyombo, mwenye vyombo atadhani ni majirani, na majirani wamevaa nguo za harusi. Andika majina yao.

Katika harusi ya mpwa wangu, huko Wete, Pemba, tulipokea masinia 60 usiku bila ya kuyahesabu, tukarejesha 57, na mabishano ya masinia matatu yalidumu kuliko fungate. Tangu hapo nahesabu wakati wa kupokea na wakati wa kurejesha, mbele ya mtu wa mwenye vyombo, na kila sinia lililobonyea huandikwa kabla halijaingia nyumbani.

Jambo la mwisho katika jiko ni muda. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachosubiri kuliwa kiwekwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60. Wali una hatari yake mahususi, kwa kuwa vijidudu vyake hustahimili kupikwa na huamka tena chakula kinapopoa polepole. Pilau la wanawake wa usiku lisipikwe pamoja na la wanaume wa mchana kwa sababu tu moto umeshawashwa. Mwambie mpishi saa ya kula, si saa ya kuanza kupika. Saa ya kuanza aihesabu yeye.

Somo, mpambaji na mchora hina

Wageni wa desturi zetu huwachanganya hawa watatu, na hata vijana wetu wameanza kuwachanganya. Somo ni mwalimu na mlezi. Humfunda bibi harusi mambo ya unyumba, usafi, heshima na siri, humsinga kwa singo, yaani mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, humfukiza udi, na katika nyumba zinazofuata ada hubaki naye hadi ndani ya fungate. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini hapa kwetu alikuwa pia mwalimu wa unyago, mafunzo ya kuwafunda wasichana, na kazi hiyo ndiyo iliyompa heshima kwa mama wengi. Somo hapewi bei kama fundi. Hupewa haki yake pamoja na kanga na marashi, na kiwango chake kiulizwe kwa mtu mzima mwenziwe, si kwa bibi harusi.

Mpambaji, kwa upande wake, ni fundi wa kulipwa: uso, nywele, mavazi na vito. Mpe miadi mbili. Ya kwanza ni ya kujaribu, wiki mbili au tatu kabla, ili ngozi ya binti ijulikane inapatana na vipodozi vipi. Ya pili ni siku yenyewe, na muulize muda anaouhitaji, kisha uongeze saa nzima. Kama ana bibi harusi mwengine siku hiyo hiyo, una haki ya kujua, na una haki ya kudai uwe wa mwisho, asije akaondoka kwako mbio.

Mchora hina anahitajika siku mbili kabla ya harusi, kwa sababu hina halisi hutoka na rangi ya machungwa na huiva kuwa hudhurungi iliyokolea baada ya siku moja hadi mbili. Hapa nataka kuonya kwa uwazi. Piko, yaani rangi nyeusi ya kuchorea mwili, linalokolea papo hapo aghlabu ni rangi ya nywele yenye parafenilenidiamini, kemikali inayoweza kuleta malengelenge na makovu, na aliyewahi kuathirika nayo mara moja huathirika zaidi mara ya pili. Kama binti anataka ua jeusi kwa lazima, lijaribiwe sehemu ndogo ya mkono siku kadhaa kabla. Mimi ningeliacha kabisa.

Mpaka wa hawa watatu ni chumba. Somo ndiye mwenye chumba: yeye ndiye anayesema nani aingie na nani atoke, na mpambaji na mchora hina hufanya kazi kwa idhini yake. Bwana harusi anapokuja baada ya nikaha kumpa mkono mkewe, kumwekea mkono kwenye paji la uso na kumsomea dua, ni somo anayemfungulia na kupokea kipa mkono, zawadi ya bwana harusi, pale ada hiyo inapofuatwa. Mratibu asimwandikie somo ratiba bila ya kwenda kumwomba rai.

Mpiga picha, na mlango wa ukumbi wa wanawake

Katika sherehe ya wanawake wageni huvua mabuibui na mitandio kwa amani, kwa sababu wameahidiwa kuwa hakuna jicho la mwanamume. Ahadi hiyo umeitoa wewe mwenye shughuli, si mpiga picha. Kwa hiyo unahitaji wapiga picha wawili: mwanamume wa msikitini na barazani, na mwanamke wa ndani. Mpiga picha wa kike awe anakuja na wasaidizi wa kike, na umuulize swali ambalo wengi hulisahau: nani atakayezihariri picha hizo? Haina maana kumzuia mwanamume mlangoni kisha picha zote zikaenda kwenye kompyuta yake kesho yake.

Makubaliano yaandikwe: picha za ndani hazitawekwa mtandaoni wala kutumika kama tangazo, nakala zitakabidhiwa kwa bibi harusi mwenyewe, na zilizobaki zitafutwa baada ya muda mliokubaliana. Simu za wageni ni mtihani mkubwa zaidi. Weka mama wawili wenye haiba mlangoni, wenye ulimi mtamu na msimamo mgumu, na kazi yao iwe hiyo tu. Usiwape na kazi ya kupokea zawadi.

Kabla ya siku, mkutanishe mpiga picha na mpambaji. Wakubaliane saa ambayo uso utakuwa tayari na muda wa kupiga kabla ya kutoka. Wasipokutana, kila mmoja atakula muda wa mwenzake, na wageni ndio watakaoulipia kwa kukaa.

Wapigaji

Neno muziki halitoshi. Kuna watu wa maulidi na dufu, kuna kikundi cha taarab, kuna kidumbak, kuna beni ya kupita njiani, na kuna ngoma za ndani za wanawake, na kila mmoja ana mahitaji yake. Taarab ya asili, ambayo Nadi Ikhwan Safaa imekuwa ikiipiga tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, ina kanuni, udi, fidla na kodiani. Wapigaji hao wanahitaji jukwaa lililo pakavu, viti visivyo na mikono, umeme usiotetereka na nafasi ya kutuni ala kabla wageni hawajaingia. Kidumbak ni rahisi zaidi: ngoma mbili ndogo, sanduku (besi ya kamba), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (kayamba za vifuu) na fidla, na hupigwa hata uani. Mwenye nyumba ndogo na majirani wa karibu asijilazimishe taarab kubwa kwa sababu wakwe wamefanya hivyo.

Kubaliana juu ya mambo matatu: saa ya kuanza na kumaliza, nani analisha wapigaji, na fedha za kutunza, yaani zile wageni wanazowatuza wapigaji, ni za nani. Kwa kawaida mtunzo ni wa kikundi na hauingii katika malipo, lakini nimewahi kuona mwenye shughuli akiudai, na usiku ukaharibika. Kikundi kikitoka Unguja kwenda Pemba, hesabu boti hadi bandari ya Mkoani, gari la ala kutoka bandarini, malazi ya usiku, na siku moja ya akiba, kwa kuwa bahari ikichafuka safari huahirishwa. Ngoma za ndani za wanawake hazirikodiwi, na hilo halina mjadala.

Waliobaki

Mwenye ukumbi akuoneshe jenereta ikiwaka, asikuambie tu kuwa ipo, na akutajie nani analipia mafuta yake. Mpambaji wa ukumbi apewe saa ya kuondoa mapambo, maana kumbi nyingi zina harusi kesho yake. Mshereheshaji wa kike apewe majina ya mabibi na makhalati yaliyoandikwa kwa usahihi pamoja na utaratibu wa kuwataja. Hana kazi nyengine iliyo kubwa kuliko hiyo. Magari yawe na msimamizi mmoja mwenye orodha. Halua iagizwe kwa fundi unayemjua, na kahawa iwe na mtu wake.

Kikao cha mwisho na siku yenyewe

Siku tatu kabla, wakusanye mafundi wote mahali pamoja kwa nusu saa. Usiwaombe waeleze kazi zao. Waulize tu kila mmoja anamsubiri nani kabla ya kuanza. Mpishi anamsubiri mwenye vyombo, mpiga picha anamsubiri mpambaji, mpambaji anamsubiri somo, msimamizi wa magari anawasubiri wote. Andika majibu hayo pamoja na saa na nambari za simu kwenye karatasi moja, na kila mmoja apewe nakala. Wapo watakaoona huu ni uzungu. Wape chai na vitumbua, watakaa.

Malipo yagawe mara tatu: arubuni wakati wa kufunga miadi, sehemu ya pili siku chache kabla ili fundi anunue vifaa, na salio baada ya kazi. Mpishi hulipwa salio pale pale, kabla moto haujazimwa, kwa kuwa amesimama juani tangu alfajiri. Mpiga picha alipwe salio anapokabidhi kazi. Wewe mwenyewe usishike kazi yoyote siku hiyo. Kaa barazani, upokee wageni, na maswali yote yaende kwa mratibu au kwa mtu mliyemteua.

Asubuhi inayofuata, masinia yahesabiwe kabla ya kupakiwa, viti vihesabiwe, na mshika mfuko afunge daftari mbele ya wazee wawili. Ndani ya wiki hiyo hiyo, mtu aliyetajwa kwa jina aende kwa shekhe kuulizia karatasi za ndoa, kisha azifuatilie hadi cheti kipatikane na kukabidhiwa kwa wanandoa.